Ada ya maegesho haikubuniwa kuwafukuza wateja

Imezoeleka kudaiwa kwamba maegesho ya kulipia barabarani huua biashara za katikati ya mji. Historia yenyewe yaonyesha kinyume. Mita ya kwanza ya maegesho, yaani kifaa cha kulipia muda wa kuegesha gari, ilisimikwa Oklahoma City, Marekani, tarehe 16 Julai 1935, na mwenye wazo hilo, Carl Magee, alikuwa katika kamati ya chama cha wafanyabiashara, ambao kero yao ilikuwa magari ya wafanyakazi yaliyoegeshwa kutwa nzima mbele ya maduka, huku wanunuzi wakizunguka bila kupata nafasi. Dereva alitumbukiza sarafu ya senti 5 kwa saa moja, kisha akampisha mwingine. Ada kubwa kupita kiasi yaweza kweli kuwaudhi wateja, lakini hilo ni suala la kiwango.