Mtoto wa Kipemba akinyamaza darasani

Mtoto wa Micheweni, kisiwani Pemba, akiletwa Unguja kusoma, mara nyingi darasani haitwi kwa jina lake. Anaitwa "Mpemba". Akisoma kwa sauti lafudhi yake inachekwa, na akikosa swali moja anaambiwa, "Ndiyo watu wa shamba." Wenzake wanaona ni mzaha. Siku zikienda, pita nyuma ya kiti chake: jibu sahihi kaliandika pembeni mwa daftari, kisha kalifuta. Mkono hauinuki. Kwenye ripoti anaandikiwa ni mzito wa kufahamu.

Sisi tunaotoa ushauri nasaha maskulini tunataka wazee na walimu walijue hili: si lazima mtoto ayaamini maneno hayo ndipo yamdhuru. Inatosha ajue kwamba wengine wanayaamini. Kila swali linakuwa mitihani miwili, wa somo na wa kuogopa kuwapa watu ushahidi.

Mwaka 1995, Claude Steele na Joshua Aronson, wanasaikolojia wa Marekani, waliwapa wanafunzi wa chuo, weusi na weupe, mtihani mgumu wa lugha. Ulipoelezwa kuwa unapima uwezo wa akili, weusi walifanya vibaya kuliko weupe. Ulipoelezwa kuwa ni zoezi tu, pengo lilipungua sana. Huko India, watafiti Karla Hoff na Priyanka Pandey waliwapa wavulana mafumbo ya kutafuta njia kwenye mchoro. Wa matabaka ya chini walikuwa sawa na wenzao, mpaka tabaka la kila mmoja lilipotangazwa mbele ya wote. Hapo wakashuka. Tafiti za baadaye zimeonesha kuwa athari hii haina uzito sawa kila mahali.

Tena wapo wasiojidharau hata kidogo. Wao hulinda heshima yao kwa kuacha. Binti anayesikia nyumbani kwamba hesabu ni za wanaume atakwambia tu hazipendi, na kila mtu ataridhika na jibu hilo. Hawa ndio wanaotutia uchungu zaidi, maana hakuna anayewatafuta.

Mwalimu, asubuhi ya mtihani usiseme, "Wasichana, leo msituaibishe." Mtoto akikosea, mwoneshe kosa lenyewe: mstari wa tatu, alama ya kutoa imeachwa. Kicheko cha lafudhi kikianza, kikate papo hapo, darasa zima lisikie. Nawe mzazi, mwanao akikueleza anavyoitwa, usimwambie avumilie. Muulize ni nani na ni somo gani, kisha nenda naye skuli.