Kabla Panga na Kiberiti Havijaingia Msituni

Moto mkubwa wa nyika ukishazimwa, lawama huwa na njia yake. Husemwa kwamba vichaka viliachwa vikasongamana, na watu wa mazingira ndio waliozuia visifyekwe. Mimi ni mmoja wa watu hao wa mazingira. Kazi yangu ni kupitia ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira, yaani uchunguzi wa madhara ya mradi kabla haujaidhinishwa, zikiwamo za miradi ya kupunguza mimea inayolisha moto. Lawama hiyo ina ukweli wake. Tathmini ikizungushwa mezani miaka mitatu, nyasi hazisubiri muhuri. Ila swali linaloletwa na tathmini si kufyeka au kutofyeka. Ni ufyeke nini, kwa chombo gani, msimu gani, na nani atarudi kupatunza mkandarasi akishafunga mizigo yake. Ukikosea moja tu kati ya hayo, unaweza kumaliza bajeti yote na kuacha nyuma yako mahali panapowaka upesi kuliko ulivyopakuta.

Ingia kichakani mwezi wa kiangazi, uokote kijiti chenye unene wa penseli, ukipinde. Kikijikunja bila kukatika, bado kina maji. Kikivunjika kwa mlio mkavu, kiko tayari kuungua. Kisha sukuma majani yaliyolala chini mpaka kidole kiguse udongo, uone kina chake. Vipimo vya namna hiyo, vikichukuliwa kwa utaratibu na vifaa vinavyostahili, ndivyo vinavyopaswa kuwa msingi wa ripoti nzima. Vitu vyembamba visivyozidi milimita 6 hukauka au kunyonya unyevu wa hewa ndani ya saa moja hivi, ilhali gogo nene huchukua wiki kadhaa. Ndiyo maana nyasi zilizolowa umande alfajiri huweza kuwaka saa nane mchana. Na ndiyo maana mtu aliyekata miti mikubwa akaacha matawi yake yametapakaa chini ameondoa kisichowaka kwa urahisi na kubakiza kinachowaka kwa urahisi.

Kingine cha kuangalia ni ngazi. Moto wa nyasi hupanda kwenye vichaka, kutoka vichaka ukashika matawi ya chini, kutoka hapo ukafika vileleni. Ukishafika vileleni na upepo ukawa nyuma yake, hakuna kikosi cha zimamoto kitakachosimama mbele yake. Kuvunja ngazi hiyo, yaani kupogoa matawi ya chini na kuondoa miche na vichaka vilivyosongamana chini ya miti, mara nyingi kuna faida kuliko kuangusha miti minene, ambayo kwa kawaida gome lake huhimili moto mdogo. Tatizo ni kwamba vichaka havina mbao za kuuza. Ukiona mpango unaoitwa wa kuzuia moto ambao hesabu zake zote ni za mita za ujazo za magogo, una haki ya kuuliza maswali. Mteremko nao usipuuzwe: kwa kanuni inayotumiwa sana na wataalamu wa moto, kila mteremko unapoongezeka nyuzi 10, kasi ya moto unaopanda mlima huongezeka karibu maradufu. Ekari moja iliyo bondeni na ekari moja iliyo juu ya genge haziwezi kupewa dawa moja.

Hapa ndipo tathmini nyingi huteleza. Mwandishi hudhani kupunguza mimea ni kupunguza moto, kisha anahamia kwenye sura ya ndege na vyura. Lakini kivuli kikiondolewa, jua na upepo hufika chini, majani hukauka mapema zaidi msimuni, na nyasi zilizokuwa zimezimwa na giza huota. Msitu ukipunguzwa kwa kiasi na mabaki yakaondolewa, faida hubaki juu ya hasara hiyo. Ukipunguzwa kupita kiasi, au mabaki yakaachwa, hasara inashinda.

Vichaka ndivyo vyenye hatari kubwa zaidi ya kosa hili. Magharibi mwa Marekani, nyanda za vichaka vya asili zilizosumbuliwa mara kwa mara, iwe kwa moto, kwa malisho ya kupindukia au kwa mashine, zimevamiwa na nyasi ya kigeni iitwayo kwa jina la kisayansi Bromus tectorum. Nyasi hiyo huota mapema, hukauka mapema na kujaza nafasi zilizokuwa wazi kati ya kichaka na kichaka. Moto ukipita, vichaka vya asili huhitaji miaka mingi kurudi. Nyasi hurudi msimu unaofuata, ikiwa tayari kuungua tena. Lahaina, mji wa Hawaii, ambako zaidi ya watu 100 walikufa katika moto wa tarehe 8 Agosti 2023, palikuwa pamezungukwa na mashamba ya zamani ya miwa yaliyojaa nyasi vamizi. Kwa hiyo ripoti inayosema "eneo litafyekwa" bila kueleza kitakachoota baada ya kufyekwa haijafanya tathmini. Imeandika ratiba ya kazi tu.

Kuhusu vyombo, kila kimoja kina ubaya wake. Mashine ya kusaga vichaka hufanya kazi ya watu hamsini, lakini huacha tabaka la vipande vya mti ambavyo moto ukivishika haurushi ndimi ndefu, bali hufuka kwa saa nyingi na kupika udongo pamoja na mizizi. Ikipita kwenye udongo uliolowa, huushindilia, na mvua inayofuata haiingii ardhini, inateremka na tope. Magurudumu na minyororo yake hubeba mbegu za magugu kutoka mradi uliopita, ndiyo maana sharti la kuosha mashine kabla haijaingia eneo jipya halipaswi kuonekana kama usumbufu wa maofisa. Mbuzi ni wazuri kwenye miteremko ambako mashine haifiki, mradi asiwepo mtu wa kuwasahau humo. Wakimaliza vichaka huhamia kwenye magome na miche ya asili. Viuagugu vina kazi yake, hasa kwa visiki vinavyochipua, na umbali wake kutoka kwenye maji lazima uandikwe kwa mita, si kwa maneno kama "kwa uangalifu".

Chombo kinachobishaniwa kuliko vyote ni moto wenyewe: uchomaji uliopangwa, unaowashwa na wataalamu katika siku waliyoichagua, wakiwa na mpaka, maji na watu wa kutosha. Katika misitu na nyika nyingi zilizozoea moto kwa maelfu ya miaka, hakuna kinachofanana nao. Mbuga ya Kruger, Afrika Kusini, ina viwanja vya majaribio vilivyoanza kuchomwa mwaka 1954 kwa misimu na vipindi tofauti, na hadi leo vinaonyesha jinsi ardhi ileile inavyobeba mimea tofauti kutegemea ilichomwa lini na mara ngapi. Kaskazini mwa Australia, wenyeji wa asili wa Arnhem Land huchoma mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, ili mioto midogo yenye mabaka iache mapengo ambayo mioto mikali ya mwisho wa kiangazi itashindwa kuyavuka. Elimu hiyo ni ya kale kuliko idara yoyote ya misitu.

Lakini moto hutoroka. Ni mara chache sana, chini ya mara 1 kati ya 100 kwa takwimu za Idara ya Misitu ya Marekani, na mara hiyo moja inatosha. Aprili 2022 huko New Mexico, moto uliowashwa na idara hiyo kwa mpango ulioidhinishwa ulivuka mpaka wake. Karibu na hapo, malundo ya matawi yaliyochomwa mwezi Januari yalikuwa yakifuka chini kwa chini, theluji ikaanguka juu yake zaidi ya mara moja, na mwezi Aprili yakaibuka tena kuwa moto. Mioto hiyo miwili iliungana, ikaunguza zaidi ya hekta 138,000, ukawa moto mkubwa kuliko wote katika kumbukumbu za jimbo hilo. Uchunguzi wa idara yenyewe uligundua kwamba ukame ulikuwa mkali kuliko wapangaji walivyoelewa, na kwamba mahesabu waliyoyategemea hayakuonyesha hali halisi. Uchomaji uliopangwa ulisimamishwa kwa siku 90 kote kwenye misitu ya taifa.

Mpango wa New Mexico haukukosa karatasi. Karatasi zilikuwapo, sahihi zilikuwapo. Kilichokuwa kimebadilika ni msitu. Tathmini iliyofanywa miaka kadhaa kabla ya kazi inazungumzia hali ya hewa ambayo huenda haipo tena. Kwa maoni yangu, idhini ya uchomaji inapaswa kufungwa kwenye vipimo vya siku yenyewe, yaani unyevu wa vijiti, unyevu wa hewa, upepo na utabiri wa siku zinazofuata, na iandikwe wazi ni nani ana mamlaka ya kusema "leo hatuchomi" bila kuulizwa kwa nini amechelewesha ratiba. Kuhusu malundo, askari wa moto wana desturi ya kufukua majivu na kupapasa kwa mgongo wa kiganja kitupu, kwa kuwa ngozi ya hapo huhisi joto upesi. Inaonekana kazi ya kitoto. Malundo yale yaliyolala chini ya theluji yanaeleza kwa nini si ya kitoto.

Moshi hauna budi kutajwa. Chembe zake ndogo huingia mapafuni kabisa, na mwenye pumu hajali kama moshi ulipangwa au haukupangwa. Tofauti ni kwamba uchomaji uliopangwa unaweza kutangazwa siku kabla, kufanywa upepo ukielekea pasipo na watu, na kukoma. Moto kichaa hautoi tangazo. Ripoti nzuri huweka mioshi hiyo miwili kwenye mizani moja, na hii inatuleta kwenye sehemu ambayo wananchi huiruka: mbadala wa kutofanya lolote. Kila tathmini inapaswa kuwa nao. Waandishi wavivu huuandika kwa aya moja, kana kwamba kutofanya lolote maana yake mambo yatabaki yalivyo. Hayabaki. Mimea inaendelea kusongamana, na moto utakaokuja utaunguza viota, vyanzo vya maji na udongo bila kuzingatia msimu wa kuzaliana. Athari hizo zihesabiwe kwa uzito uleule unaopewa athari za panga.

Swali la muda, yaani tathmini kukaa mezani miaka, nalo lina jibu, angalau nusu. Badala ya kuandika tathmini nzima kwa kila kilima, serikali inaweza kufanya tathmini moja pana ya programu, kisha kila mradi ukapimwa dhidi yake kwa ripoti fupi. California ilipitisha tathmini ya aina hiyo Desemba 2019, ikigusa zaidi ya hekta milioni 8, lengo likiwa kupunguza mimea kwenye takriban hekta 100,000 kwa mwaka. Faida yake ni kasi. Hatari yake ni ripoti fupi kugeuka kuwa fomu ya kuweka alama za vema. Si ajabu kukuta ripoti imetaja mto usiokuwapo kabisa katika eneo la mradi, kwa sababu aya nzima imenakiliwa kutoka mradi mwingine. Tathmini pana haiwezi kujua kwamba kwenye genge hili kuna makaburi ya zamani, au kwamba mti huu mkavu ni makazi ya bundi. Hayo yanajulikana kwa kutembea, na kwa kuuliza wanaoishi pale.

Kuna wakati jibu sahihi la tathmini ni kwamba mradi umelenga mahali pasipofaa. Nyumba nyingi katika mioto ya nyika haziunguzwi na ukuta wa moto unaotoka msituni, bali na cheche zinazopeperushwa na upepo, zikatua kwenye majani makavu yaliyojaa kwenye mfereji wa paa au kwenye kuni zilizopangwa ukutani. Mtafiti Jack Cohen na wenzake walijaribu nchini Kanada kwa kuweka kuta za mbao mbele ya moto wa vilele vya miti: zilizokuwa mita 10 kutoka msituni baadhi zilishika moto, zilizokuwa mita 20 na 30 hazikushika. Katika mji wa Paradise, California, ulioteketea katika moto wa Novemba 2018 uliowaua watu 85, zilipigwa picha nyingi za nyumba zilizogeuka majivu huku miti ya jirani ikiwa imesimama na majani ya kijani. Kama lengo lililoandikwa kwenye ripoti ni kulinda nyumba, basi mbadala wa kusafisha mita 30 za kuzunguka nyumba na kurekebisha mapaa lazima uwemo. Kufyeka mlima ulio kilomita 5 kunaweza kusaidia vyanzo vya maji na kuwapa zimamoto mahali pa kusimama, lakini hilo ni lengo jingine, na lisemwe hivyo.

Tangazo la kukaribisha maoni ya wananchi juu ya ripoti likitoka, usitishwe na unene wa kitabu. Anza na ramani, ukaiangalie kwa macho ya mtu anayepita hapo kila siku. Tafuta tarehe za kazi, uzilinganishe na msimu wa ndege kutaga na wa mvua kubwa. Tafuta umbali ulioachwa pande zote za mto. Maoni yenye uzito ni yale yanayotaja mahali na jambo: chemchemi isiyo kwenye ramani, njia ya wanyama, korongo linalobomoka kila masika. "Tunapinga mradi" au "tunauunga mkono" hayamsaidii sana anayeamua.

Halafu nenda moja kwa moja kwenye mpango wa ufuatiliaji, ambao kwa kawaida uko mwishoni na ni mwembamba. Nyasi hurudi baada ya msimu mmoja wa mvua, vichaka baada ya miaka michache, kwa hiyo mradi usio na fungu la matunzo ni wa kupiga picha za uzinduzi. Mpango mzuri huweka vigingi vya kudumu, na kila mwaka picha hupigwa kutoka kigingi kilekile, kuelekea upande uleule, mwezi uleule. Ni njia rahisi kuliko zote ya kuona kama nyasi vamizi zimeingia au udongo umeanza kuchimbika. Kama awamu ya kwanza ilishafanyika eneo la jirani, omba kuonyeshwa picha hizo kabla ya kutoa maoni juu ya awamu ya pili.