Ushahidi wa kafara ya binadamu katika Mesoamerika ya kale: maana yake

Kafara ya binadamu ni kitendo cha kumuua mtu kwa kufuata kanuni za ibada, ili uhai wake uwe sadaka kwa miungu. Mesoamerika ni jina ambalo wataalamu wanaliita eneo linaloanzia katikati ya Meksiko na kushuka hadi Guatemala, Belize na sehemu za Honduras na El Salvador, ambako Waolmeki, Wamaya, watu wa Teotihuacan na Waazteki walistawi kwa nyakati tofauti kabla ya uvamizi wa Wahispania wa karne ya 16. Neno letu kafara lina ladha ya kuondosha balaa, kama sadaka inayoachwa njia panda ili msiba umpite mgonjwa. Waazteki walitumia pia neno lenye mkazo mwingine, nextlahualli, yaani malipo ya deni: kwa imani yao miungu ilijitoa mhanga ili jua lianze kutembea, na wanadamu wakabaki wadeni.

Ushahidi wa kiakiolojia wa kafara ni jambo finyu kuliko habari za kafara. Anayedai kuupata hana budi kuonyesha mambo mawili, kwamba mtu huyo aliuawa na watu, na kwamba mauaji yenyewe yalikuwa ibada. La pili ndilo gumu. Fuvu lenye alama za kisu laweza kuwa la askari aliyekufa vitani, la mhalifu aliyeadhibiwa, au hata la mzazi aliyekufa kwa ugonjwa na mifupa yake ikasafishwa na kutunzwa na watoto wake, kwani desturi ya kuhifadhi mifupa ya wahenga ilikuwapo katika eneo hilo hilo. Hata kung'olewa kwa moyo, ambako kumechorwa mara nyingi, si lazima kuache alama kubwa. Vera Tiesler na Andrea Cucina, waliochunguza mifupa ya Wamaya, walieleza kuwa moyo uliweza kufikiwa kwa kupasua chini ya mbavu bila kuvunja mfupa wa kidari, hivyo alama hutafutwa upande wa ndani wa mbavu na kwenye pingili za uti wa mgongo. Kwa sababu hiyo mfupa mmoja peke yake hausemi mengi. Unaosema ni mfupa pamoja na mahali ulipolazwa, vitu vilivyouzunguka na wenzake uliozikwa nao.

Teotihuacan inaonyesha vizuri hoja hiyo, maana wakazi wake hawakutuachia maandishi ya kueleza ibada zao. Chini ya Hekalu la Nyoka Mwenye Manyoya, lililojengwa karibu na mwaka 200 baada ya Kristo, wachimbaji walikuta mabaki ya watu zaidi ya 130, wengi wao mikono ikiwa nyuma ya mgongo kana kwamba ilifungwa. Walizikwa kwa makundi yaliyopangwa kwa ulinganifu pande zote za jengo, baadhi ya makundi yakiwa na watu 18 au 20, tarakimu zenye uzito katika kalenda za Mesoamerika. Wengine walivaa mikufu ya taya, nyingi zikiwa za kuigiza zilizochongwa kwa kombe. Vita haviui watu kwa hesabu ya kalenda.

Katika Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki ambao leo umelaliwa na Jiji la Mexico, mwanga mkubwa ulipatikana baada ya tarehe 21 Februari 1978, pale mafundi wa umeme walipogonga jiwe kubwa la duara lenye sura ya mungu wa kike Coyolxauhqui aliyekatwa viungo. Eduardo Matos Moctezuma aliongoza uchimbaji wa Hekalu Kuu uliofuata. Upande wa Tlaloc, mungu wa mvua, lilifunuliwa sanduku la mawe lenye mabaki ya watoto wasiopungua 42, baadhi wakiwa na shanga za jiwe la kijani mdomoni, pamoja na sanamu za mungu huyo. Mifupa na meno ya wengi wao yana dalili za maradhi na lishe duni, na watafiti huhusisha sadaka hiyo na ukame mkali wa karibu mwaka 1454. Hapa mahali, umri na vifaa vyote vinaelekeza upande mmoja, hata kama kisu hakikuacha alama.

Mwaka 2015, nyuma ya kanisa kuu la jiji hilo, taasisi ya taifa ya akiolojia ya Meksiko iligundua sehemu ya tzompantli, jukwaa la kutungika mafuvu kwenye miti, pamoja na mnara wa duara uliojengwa kwa mafuvu na chokaa. Kufikia mwaka 2020 mafuvu yaliyohesabiwa katika mnara yalikuwa 603. Mengi yana matundu ya pembeni yaliyopitishia miti. Wengi walikuwa wanaume vijana, lakini wamo pia wanawake na watoto, jambo ambalo halikutarajiwa na waliodhani kuwa waliotolewa ni mateka wa vita tu. Meno huhifadhi alama za kikemikali za mahali mtu alipokulia, ilhali mfupa huzibadilisha kadiri anavyoishi. Kwa kulinganisha viwili hivyo, watafiti wameona kuwa baadhi ya waathirika walizaliwa mbali lakini waliishi mjini kwa muda kabla ya kufa.

Ugunduzi huo uliwapa haki nusu Wahispania. Askari Andrés de Tapia aliandika kuwa aliona minara ya mafuvu, na watu wa baadaye wakamshuku kuwa alitia chumvi ili kuhalalisha uvamizi. Minara ilikuwapo kweli. Lakini idadi yake ya mafuvu 136,000 haijapata tegemeo ardhini, wala ile ya watu 80,400 wanaosemekana kuuawa kwa siku nne katika uzinduzi wa hekalu mwaka 1487, ambayo ingedai vifo zaidi ya 800 kila saa, usiku na mchana. Kwa maoni yangu, anayeinukuu idadi hiyo bila kupiga hesabu hiyo ndogo hajaisoma.

Kwa Wamaya, kosa lililodumu zaidi lilihusu Chichen Itza. Kwa miongo mingi wageni walisimuliwa juu ya wanawali waliotupwa katika kisima kitakatifu. Mwaka 1967, karibu na kisima hicho, yalipatikana mabaki ya watoto zaidi ya 100 katika tangi la chini ya ardhi, na mwaka 2024 uchunguzi wa DNA ya 64 kati yao ulitangazwa: wote walikuwa wavulana, wengi wa umri wa miaka 3 hadi 6, wengine ndugu wa karibu, na miongoni mwao jozi mbili za mapacha wa kufanana. Watafiti wanalihusisha jambo hilo na masimulizi ya Wamaya ya Ndugu Mapacha walioshuka kuzimu. Hakuonekana msichana hata mmoja.