Je, wajua kwa nini akina LeBlanc wa Acadia wanarudi kwa baba mmoja?

Mwaka 1671 padri mmoja aitwaye Laurent Molin alipita nyumba kwa nyumba huko Port-Royal, makazi makuu ya Acadia, koloni dogo la Wafaransa kwenye pwani ya mashariki ya nchi ambayo leo ni Kanada. Alikuwa anafanya sensa. Aliuliza jina, umri, idadi ya watoto, ng'ombe, kondoo na ukubwa wa shamba. Si wote waliompokea vizuri. Fundi mapipa Pierre Lanoue alimjibu kwamba yeye ni mzima wa afya, ila umri wake hautaji. Kwa mshona nguo Pierre Melanson mambo yalikuwa mabaya zaidi: mke wa mwenye nyumba alimuuliza padri kama amerukwa na akili hata azurure njiani kwa habari kama hizo.

Mkulima Daniel LeBlanc alijibu. Umri wake miaka 45, mkewe Françoise Gaudet 48. Watoto saba: binti mmoja, Françoise, aliyekwisha kuolewa, na wavulana sita, Jacques, Étienne, René, André, Antoine na Pierre, kuanzia kijana wa miaka 20 hadi mtoto wa miaka 7. Ng'ombe 18, kondoo 26. Padri akaandika, akaenda zake.

Mistari hiyo michache ndiyo mzizi wa mti mkubwa ajabu. Miaka 84 baadaye, Waingereza walipoanza kuwafukuza Waakadia katika nchi yao, LeBlanc ulikuwa ndio ukoo mkubwa kuliko koo zote za Acadia. Leo ukikutana na mtu wa ukoo huo Moncton, New Brunswick, huko Kanada, au Lafayette, Louisiana, huko Marekani, na asili yake ni ya Kiakadia, karibu daima nasaba yake itakupeleka kwenye nyumba ile ile ya Port-Royal. Mtu mmoja anawezaje kuzaa kabila zima?

Daniel hakuwa mtawala wala tajiri. Alizaliwa mnamo mwaka 1626 na alikuwa Port-Royal kufikia 1650 hivi. Françoise alikuwa mjane mwenye binti, Marie Mercier, na Daniel akamlea mtoto huyo pamoja na wa kwake. Shamba lao lilikuwa ukingoni mwa mto unaoitwa leo Annapolis, juu kidogo ya ngome. Alikuwa mtu wa kuheshimika, kwa sababu mwaka 1690, William Phips wa Massachusetts, koloni la Waingereza, alipoiteka Port-Royal na kuunda baraza dogo la kuwatunza wenyeji, Daniel LeBlanc aliwekwa miongoni mwa wajumbe wake. Alifariki kabla karne hiyo haijaisha.

Jibu la swali letu linaanzia matopeni. Ghuba ya Fundy, ambayo Port-Royal ilikuwa ukingoni mwake, ina maji kujaa na kupwa makubwa kuliko popote duniani; katika baadhi ya sehemu zake tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika mita 16. Msomaji wa pwani anayejua bamvua afikirie bamvua linalopanda hadi urefu wa jengo la ghorofa tano. Maji hayo huacha tope jeusi lenye rutuba, ila limejaa chumvi. Waakadia wakajenga matuta marefu ya udongo na majani kuzuia bahari, na chini ya kila tuta wakaweka mfereji wa mbao wenye mlango unaoning'inia. Bahari inapopwa, maji ya mvua yanausukuma mlango na kutoka. Bahari inapojaa, maji yake yenyewe yanaufunga mlango. Mtambo huo wanauita aboiteau. Mvua ikiosha chumvi kwa miaka miwili mitatu, shamba linazaa ngano bila mbolea, mwaka baada ya mwaka.

Matokeo yake yalionekana vitandani mwa watoto. Huko Ufaransa ya wakati ule mama alizaa wengi akazika wengi. Acadia mama alizaa wengi na wengi wakaishi: kulikuwa na mkate, maziwa, samaki na nyama, watu waliishi mbalimbali hivyo magonjwa ya mlipuko hayakuenea kwa urahisi, na kwa kuwa walilima ardhi waliyoinyang'anya bahari, hawakugombana sana na Wamikmaki, wenye nchi, juu ya misitu na mawindo. Naona hili ndilo linalosahaulika tunapozungumzia mababu wenye uzao mkubwa. Tunasifu idadi ya watoto waliozaliwa, ilhali kilichojenga ukoo ni watoto waliofika umri wa kuoa.

Kati ya wana sita wa Daniel, watano waliacha uzao. Chukua mfano rahisi: kama kila mmoja wa hao watano alipata wana wanne walioishi na kuoa, wajukuu wa kiume ni 20, vitukuu 80, vilembwe 320, na hapo hujahesabu mabinti. Ni hesabu ya kufikirika, lakini haiko mbali na namna mambo yalivyokwenda. Jina la LeBlanc hupita kwa wanaume, na bahati ya Daniel ilikuwa kupata wana wengi kuliko mabinti. Jirani aliyezaa mabinti sita alichangia damu ile ile kiasi kile kile, ila jina lake likapotea.

Halafu kulikuwa na nafasi. Kuanzia miaka ya 1680 vijana wa Port-Royal walianza kuhamia Les Mines, eneo jingine la Ghuba ya Fundy, ambako kijiji cha Grand-Pré kilikuwa na vinamasi vipana zaidi. Jacques, René, André na Antoine walikwenda huko. Pierre, kitinda mimba, akabaki na ardhi ya baba. Jacques alimwoa Catherine Hébert, André akamwoa Marie Dugas, René na Antoine wote wakaoa katika ukoo wa Bourgeois. Hébert, Dugas, Bourgeois, Landry, Thériot: majina haya utayasikia tena na tena, kwa kuwa sensa ya 1671 ilihesabu watu wasiofika 400 katika koloni zima, na baada ya hapo wageni wachache sana waliongezeka kutoka Ufaransa. Kufikia 1755 Waakadia walikuwa takribani 14,000. Hawakuletwa na meli. Walizaliwa pale pale.

Watu wakiwa wengi hivyo wenye jina moja, na kila nyumba ina Pierre wake na Joseph wake, utawatofautishaje? Waakadia walipata dawa ambayo msomaji wa Kiswahili ataitambua mara moja. Walimtaja mtu kwa baba na babu: Pierre à Jean à Jacques, yaani Pierre wa Jean wa Jacques, kama sisi tunavyosema Juma bin Ali bin Hamisi. Au walimpa lakabu. Mjukuu mmoja wa Daniel, Joseph mwana wa Antoine, aliitwa Le Maigre, Mwembamba, na lakabu hiyo imo hadi kwenye hati za serikali.

Huyu Mwembamba na binamu yake René, mwana wa André, wanaonyesha vizuri yaliyoupata ukoo. Waingereza waliiteka Port-Royal moja kwa moja mwaka 1710, wakaiita Annapolis Royal, na mkataba wa Utrecht wa 1713 ukawapa nchi. Waakadia wakajikuta chini ya mfalme asiye wa dini yao wala lugha yao, nao walitaka jambo moja: wasilazimishwe kupigana upande wowote. René LeBlanc alichagua kuishi vyema na watawala wapya. Alikuwa mthibitishaji wa hati wa Les Mines na aliwatumikia Waingereza kwa uaminifu. Joseph Le Maigre alichagua Ufaransa; mwaka 1744, jeshi la Wafaransa lilipokuja kujaribu kuirudisha Annapolis Royal, alilisaidia.

Mwaka 1755 tofauti hiyo haikumsaidia mtu. Tarehe 28 Julai baraza la naibu gavana Charles Lawrence huko Halifax liliamua Waakadia waondolewe. Tarehe 5 Septemba kanali John Winslow aliwaita wanaume na wavulana wa Grand-Pré kanisani wasikilize tangazo la mfalme. Walipoingia, milango ikafungwa. Wanaume na wavulana 418 walikuwa ndani, na akina LeBlanc wakiwa wengi miongoni mwao. Mashamba, nyumba na mifugo vilikuwa vimetwaliwa. Mwezi Oktoba walipakiwa melini kupelekwa makoloni ya Kiingereza ya kusini, na katika msukosuko ule jamaa wa nyumba moja waliangukia meli tofauti. René, mzee wa zaidi ya miaka 70 aliyewatumikia Waingereza, alitupwa New York pamoja na mkewe na watoto wake wawili wadogo, wengine wakapelekwa kwingine. Alifia Philadelphia. Kufikia 1763 Waakadia kama 10,000 walikuwa wamefukuzwa, na maelfu walikufa kwa magonjwa, njaa na kuzama baharini.

Joseph Le Maigre naye alitangatanga hadi akafika Ufaransa, nchi aliyoipigania bila kuwahi kuishi humo. Mwaka 1765 familia 78 za Waakadia zilipewa ardhi katika kisiwa cha Belle-Île-en-Mer, kwenye pwani ya Brittany, naye akawa mmoja wao. Huko alifariki mwaka 1772, maskini.

Ni katika kisiwa hicho ndipo lilipofanyika jambo ambalo, kwangu mimi, ndilo la thamani kuliko yote katika historia hii. Mwaka 1767 viongozi wa Brittany waliamuru kila mkuu wa familia aape na kueleza nasaba yake, kwa kuwa vitabu vya parokia za Acadia vilidhaniwa vimepotea. Wakimbizi hawa, wengi wao wakiwa hawajui kusoma, walikaa mbele ya mwandishi wakataja kwa vichwa vyao: baba yangu fulani mwana wa fulani, aliyemwoa fulani binti wa fulani, huyo alitoka kwa fulani aliyekuja kutoka Ufaransa. Vizazi vinne, pamoja na majina ya wanawake na ya ukoo wa baba zao. Akina LeBlanc walimtaja Daniel na mkewe Françoise Gaudet. Watu walionyang'anywa kila kitu walikuwa bado wamebeba kile kisichoweza kutwaliwa na askari, na kilipolinganishwa baadaye na sensa za zamani kilionekana kukubaliana nazo kwa sehemu kubwa.

Wataalamu wa nasaba wana njia nyingine ya kuziba mapengo. Kanisa Katoliki halikuruhusu ndugu wa karibu kuoana bila ruhusa maalumu, na padri alipofungisha ndoa ya namna hiyo aliandika kitabuni kiwango cha udugu wao. Katika jamii iliyotokana na nyumba chache, ruhusa hizo zilikuwa nyingi. Hivyo hata pale ambapo vyeti vya wazazi havipo, ruhusa ya ndoa ya wajukuu inaeleza kwamba babu zao walikuwa mtu na ndugu yake.

Kuoana ndani ya duara dogo kuliacha alama mwilini pia. Ugonjwa wa Usher wa aina ya kwanza, ambao mtoto huzaliwa kiziwi kisha polepole hupoteza uwezo wa kuona, unapatikana zaidi miongoni mwa Waakadia wa Louisiana kuliko kwa majirani zao. Wengi wa wagonjwa hao wana badiliko moja lile lile katika jeni iitwayo USH1C. Mwasisi mmoja alilibeba bila kuumwa, na kwa kuwa wazao wake walioana wao kwa wao, baada ya vizazi kadhaa watoto wakaanza kulirithi kutoka pande zote mbili, kwa baba na kwa mama. Wanasayansi huiita hali hiyo athari ya waasisi. Kwa familia zinazoishi nayo, kujua nasaba ni suala la afya ya watoto wao.

Jina lenyewe limepitia mengi. LeBlanc kwa Kifaransa ni Mweupe, na katika maeneo yaliyomezwa na Kiingereza baadhi ya familia zikajiita White. Wengine walilishika. Roméo LeBlanc, mzaliwa wa Memramcook huko New Brunswick, alikuwa Gavana Mkuu wa Kanada kuanzia 1995 hadi 1999, Mwakadia wa kwanza kushika cheo hicho, akiliwakilisha Taji, yaani ufalme wa Uingereza, lile lile ambalo kwa jina lake Grand-Pré ilifungiwa milango ya kanisa. Mwaka 2003 Taji lilikiri rasmi mateso ya uhamisho ule, na 28 Julai ikawekwa kuwa siku ya kuukumbuka.

Na vile vitabu vya parokia? Vya Grand-Pré havikupotea. Wakimbizi walivichukua melini mwaka 1755, wakavitunza walipokuwa Maryland, na zaidi ya miaka kumi baadaye, walipohamia Louisiana, wakavifikisha Saint Gabriel kwenye ukingo wa Mississippi. Leo viko katika hifadhi ya jimbo Katoliki la Baton Rouge. Kurasa zake zinaanzia 1707, na ndani yake wajukuu wa Daniel LeBlanc wanafunga ndoa na vitukuu vyake wanabatizwa, mmoja baada ya mwingine, kwa mwandiko wa mapadri wa kanisa ambalo lenyewe halipo tena.