Kwa nini soketi ya karibu na sinki ina vitufe viwili?

Ukiingia jikoni Marekani utaona jambo usilolikuta kwenye soketi za huku kwetu: soketi za karibu na sinki zina vitufe viwili vidogo katikati, cha kujaribia na cha kurudishia umeme. Vya nini, wakati nyumba ina breka tayari?

Breka na fyuzi kazi yake ni kuulinda waya usipate moto na kuunguza nyumba. Mtu yuko nje ya hesabu hiyo. Umeme wa miliampea 1, yaani sehemu moja ya elfu ya ampea, unauhisi kama mtekenyo. Ukipita 10 hivi, misuli ya kiganja inakaza, unashindwa kuachia ulichoshika. Ukifika 50 na zaidi ukapitia kifuani, moyo unaweza kuanza kutetemeka ovyo bila kusukuma damu. Sasa, miliampea 50 ndizo zinazovutwa na balbu ya wati 12 kwenye umeme wetu wa volti 230. Fyuzi ya ampea 13 iliyomo kwenye plagi yako haina sababu ya kukatika kwa kiasi hicho. Kwake ni balbu moja imewashwa.

Sinki linazidisha hatari kwa njia mbili. Ngozi kavu huzuia umeme kwa kiasi kikubwa, lakini ikilowa ukinzani wa mwili unaweza kushuka hadi omu 1,000 hivi. Gawanya volti 230 kwa 1,000: miliampea 230. Pili, mkono mmoja uko kwenye blenda iliyochubuka waya na mwingine umeshika bomba la chuma lililozama ardhini. Njia ya umeme kutoka mkono hadi mkono inakatiza kifuani.

Ndani ya soketi ile kuna pete ya chuma, na waya wa laivu (unaoleta umeme) na wa nyutro (unaourudisha) zote zinapita katikati yake. Umeme unaokwenda kwenye blenda unapaswa kurudi wote, kama konda anayetaka hesabu ya nauli ilingane na vichwa. Ukipungua, maana yake sehemu yake imepata njia nyingine kwenda ardhini, huenda kupitia mwili wa mtu. Pengo hilo linaamsha umeme kidogo kwenye koili iliyozungushiwa pete, na swichi inaanguka kabla hujamaliza kushtuka. Marekani pengo la miliampea 4 hadi 6 linatosha.

Kiwango hicho kimetokana na vipimo vya watu halisi. Charles Dalziel, profesa wa uhandisi wa umeme kule Berkeley, California, aliwapima watu waliojitolea, mikono imeloweshwa maji ya chumvi, akitafuta ni umeme kiasi gani mtu bado anaweza kuuachia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 akabuni kifaa chenyewe.

Kanuni ya umeme ya Marekani ilianza kudai kifaa hicho jikoni mwaka 1987, kwa soketi za kaunta zilizo ndani ya futi 6 kutoka kwenye sinki, yaani kama mita 1.8. Mwaka 1996 ikazichukua soketi zote za kaunta. Toleo la 2023 limefagia soketi zote za jikoni, hata ya friji, ingawa kila jimbo huchagua toleo la kufuata. Wapo wanaolalamika: swichi ikianguka usiku, nyama inaoza. Mimi naona afadhali kilo mbili za nyama.

Huku kwetu kifaa hicho hukaa kwenye ubao wa breka, kina kitufe kimoja chenye herufi T, hukata kwenye miliampea 30, na mafundi hukiita RCD. Wengi hukiruka wakisema ethi, yaani waya unaoupeleka ardhini umeme uliovuja, inatosha. Tufanye nondo ya ethi ya nyumba yako ina ukinzani wa omu 50, jambo la kawaida kwenye udongo mkavu. Birika la chuma likivujisha laivu kwenye bodi yake, zitakazokwenda ardhini ni ampea 4.6 tu. Breka ya ampea 32 haitajigusa. Birika litakaa na umeme mwilini likimsubiri mtu. RCD inaziona miliampea 4,600 na inakata palepale.

Kuna jambo ambalo RCD haiwezi kuligundua: ukishika laivu kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine, bila umeme kuvujia ardhini, hesabu italingana na kifaa kitakuona kama balbu.

Kitufe cha kujaribia hutengeneza uvujaji mdogo wa makusudi. Bonyeza mara moja kwa mwezi. Swichi isipoanguka, kifaa kimekufa, japo soketi zitaendelea kutoa umeme kama kawaida. Na kikianguka kila unapowasha hita, usikubali fundi akuambie "hii inasumbua, tuipige dairekti". Mwambie aipime hita.