Vumbi la njiani, mtaro na maji ya kisima: maswali ya watu wa Lamu

Vumbi la mtaani lina nini zaidi ya mchanga?

Tunachokanyaga Langoni na Mkomani, mitaa ya mji wetu wa Lamu, ni mavi ya punda yaliyokauka yakasagika, mabaki ya chakula na maji ya sabuni yaliyokaukia njiani. Humo mna naitrojeni na fosforasi, rutuba ile ile anayoitafuta mkulima. Katika mji wa Malindi kuna pia moshi wa magari na tuktuk.

Nikilifagilia mtaroni si limekwisha?

Hapana. Hukaa mtaroni kaskazi yote, kisha masika hulisomba kwa mkupuo hadi baharini, ambako rutuba ikizidi mwani hustawi na kuyasonga matumbawe. Njia ya saruji hainywi maji, hivyo kuisakifu bila kutengeneza mtaro ni kuuharakisha uchafu.

Kisima changu kimo ndani ya ua. Kinahusikaje?

Mtaro ukipasuka huvujia chini, na ardhi yetu ya mchanga na mawe ya matumbawe hupitisha maji upesi. Vyoo vya shimo na makaro, yaani mashimo ya maji machafu, huongeza uchafu huo, mara nyingi zaidi ya vumbi lenyewe. Ardhini naitrojeni hugeuka nitrati, isiyo na rangi, harufu wala ladha. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita. Kikipitwa, wa kwanza kuumia ni mtoto wa chini ya miezi sita anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo: damu yake hushindwa kubeba oksijeni ya kutosha. Ukiona midomo, fizi au kucha zimekuwa samawati au kijivu, naye amelegea au anahema, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo.

Nikiyachemsha je?

Endelea kuchemsha, maana kipindupindu na homa ya matumbo vipo. Ila nitrati haiondoki kwa moto wala kwa klorini, na maji yakipungua sufuriani yanayobaki huwa na nitrati kali zaidi. Ndiyo maana nawasihi kina mama: miezi sita ya kwanza, ziwa la mama peke yake. Nitrati inayopita kwenye maziwa yako ni kidogo mno.

Tuanzie wapi?

Mavi yazolewe kabla hayajasagika, yatiwe guniani, yapelekwe shambani. Nyunyiza maji kabla ya kufagia, vumbi lisiingie machoni na kifuani. Kisima kiwe na mfuniko na ukingo ulioinuka, na afisa wa afya aombwe maji yapimwe nitrati. Kaunti inapokusanya maoni ya bajeti, twendeni tudai mitaro iliyofunikwa na makaro yasiyovuja kabla ya saruji mpya.