Rangi za kuonea DNA kwenye jeli: mengi tunayoambiana sio kweli

Kila kundi jipya la vijana wa fildi likiingia maabara nasikia yaleyale, eti ile rangi nyekundu ya kuonea DNA kwenye jeli, ile sahani laini tunayopitishia DNA kwa umeme ijipange kwa ukubwa, ukiigusa tu ushapata kansa, eti hii mpya haina shida hata mikono mitupu unashika, na ukiwauliza wamelitoa wapi wanakwambia waliambiwa na waliowatangulia, ambao nao waliambiwa. Nimeona niandike maana kwa kweli hofu tumeiweka pasipo penyewe, na pale penye hatari watu wanapita kifua mbele.

Tuanze na nyekundu yenyewe, ethidiamu bromaidi, wengi tunaiita EtBr. Inajipenyeza katikati ya ngazi za DNA, na ikishakaa humo ukiipiga UV, ule mwanga wa urujuanimno usioonekana kwa macho, inawaka chungwa kwa nguvu kama mara 20 kuliko ikiwa peke yake kwenye maji, ndio maana bendi, yaani ule mstari wa DNA, inang'aa na jeli yenyewe inabaki hafifu. Sasa watu wanasema kitu kinachoingia kwenye DNA namna hiyo lazima kilete kansa. Ukweli ni kwamba kwenye kipimo cha Ames, kile kinachotumia bakteria wa Salmonella, EtBr inaleta mabadiliko ya jeni ikichanganywa na dondoo la ini, yaani vimeng'enya vya ini viigeuze kwanza. Kwa hiyo tahadhari ina sababu yake, ila kutoka hapo hadi kusema tone moja kwenye ngozi ni kansa ni mbali sana, na hakuna utafiti ulioonyesha kwamba imempa binadamu kansa.

Na kuna jambo ambalo naona kila mtu wa maabara huku kwetu angelijua, maana linatuhusu. Ile homidiamu bromaidi, dawa ya nagana wanayochomwa ng'ombe kwenye maeneo yenye mbung'o, ndio EtBr hiyohiyo! Imetumika Afrika tangu miaka ya 1950, dozi yake ni miligramu 1 kwa kila kilo ya mnyama. Piga hesabu, ng'ombe wa kilo 250 anapewa miligramu 250. Jeli yako ya mililita 50, ukiweka kile kiwango cha kawaida cha maikrogramu 0.5 kwa mililita, ina maikrogramu 25 tu. Ng'ombe mmoja anapata dozi ya jeli 10,000 kwa sindano moja. Sisemi hiyo inathibitisha kwamba ni salama kabisa, ng'ombe wengi wanachinjwa kabla ya uzee na hakuna anayekaa kuwafuatilia kansa, lakini inakupa picha ya ukubwa wa kitu unachokiogopa. Cha kuogopa zaidi ni ile chupa ya akiba ya miligramu 10 kwa mililita, mililita yake moja inatosha jeli 400, na kibaya kuliko hiyo ni unga wake unaopeperuka ukaingia puani. Kama una uwezo wa kuchagua nunua iliyokwisha kuyeyushwa, usipime unga.

Haya, hizi zinazoitwa salama. Hapa ndipo naona watu wanajidanganya sana, maana wanaona jina SYBR Safe wanalichukua kama ruhusa. Rangi hizi haziko za aina moja na kila moja ina sababu yake ya kuitwa salama. GelRed kwa mfano ukiifungua kimuundo ni EtBr mbili zimeunganishwa na kamba katikati, ndio, EtBr ileile, ila molekuli imekuwa kubwa mno na Biotium walioitengeneza wanasema kwa vipimo vyao haipenyi utando wa seli hai wala glavu. Yaani usalama wake ni kwamba haiingii ndani, sio kwamba haishiki DNA. SYBR Safe yenyewe kwenye vipimo vya bakteria ilileta mabadiliko machache kuliko EtBr, machache, sio sifuri. Na SYBR Green I, ambayo wengi wanadhani ni ndugu wa SYBR Safe basi tabia ni moja, peke yake ni dhaifu kwenye kuleta mabadiliko lakini mwaka 2001 ulichapishwa utafiti ulioonyesha kwamba bakteria wakiwa nayo kisha wakapigwa UV mabadiliko yanaongezeka sana, inaonekana inazuia DNA isijitengeneze baada ya kuharibika. Halafu nyingi kati ya hizi zinakuja zimeyeyushwa kwenye kiyeyushi kiitwacho DMSO, na DMSO inapita kwenye ngozi kirahisi na kubeba vitu vingine. Kwa hiyo glavu za nitraili ni palepale. Na ukishavaa usishikie kitasa cha mlango wala simu, huko ndiko rangi inakotembelea maabara nzima.

Lakini kinachoniuma zaidi ni UV. Mtu anakuambia tumeshahamia rangi salama, halafu anainama kwenye meza ya UV bila ngao ya uso anakata bendi dakika nzima! Rangi umebadilisha, taa ni ileile. Kuna kijana tuliyekuwa naye alikata bendi sita mchana bila kujifunika, mchana wote hakusikia kitu, usiku akaamka macho kama yamemwagiwa mchanga, machozi yanatiririka, hawezi hata kutazama taa, ikabidi apelekwe hospitali. Madhara ya UV kwenye jicho yanachelewa masaa kadhaa ndio maana watu hawayaunganishi na jeli. Huyo EtBr haikumgusa hata tone. Nyingine inayoumiza watu kila siku ni agarosi ya moto, ile inayoganda kuwa jeli, unaitoa kwenye maikrowevu imetulia kabisa, ukiitikisa inalipuka mkononi, na hii nayo haijali rangi gani umenunua. Iache itulie kwanza, ishike kwa glavu ya joto, rangi utie ikipoa hadi nyuzi 60 hivi.

Faida kubwa ya rangi mpya kwa maoni yangu iko hapohapo kwenye taa, na watu wengi wanaikosa. SYBR Safe na GelGreen zinawaka vizuri kwa mwanga wa buluu, karibu na nanomita 470 hadi 500, unaangalia kupitia kioo cha rangi ya kaharabu na hauhitaji UV kabisa. Macho yanapona, na DNA yako pia inapona, maana UV ya nanomita 302 inagandanisha thaimini mbili jirani, moja ya herufi nne za DNA, na hata nusu dakika inatosha kuharibu kloning yako, yaani kunakili kipande hicho ndani ya bakteria, halafu unalaumu ligesi, ile hatua ya kuunganisha vipande, wiki mbili. Ila usidhani rangi yoyote itafanya hivyo, GelRed inataka UV kama mama yake, na EtBr kwenye buluu inaonekana hafifu sana. Nunua rangi ukijua una taa gani na kamera yako ina filta gani, la sivyo utaona giza utasema umeuziwa feki.

Hilo la feki nalisikia sana, hasa kwa GelRed, bendi zinaburuzika na kukaa juu kuliko leda, ile DNA ya kulinganishia ukubwa, inavyosema. Mara nyingi rangi ni nzima, tatizo umejaza DNA nyingi, na molekuli kubwa kama ile ikishika DNA inabadilisha mwendo wake. Punguza DNA, au endesha jeli bila rangi kisha uiloweke baadaye, utaona tofauti. EtBr nayo ina lake, ina chaji chanya kwa hiyo inakimbilia upande wa pili wa DNA, ukiendesha jeli muda mrefu sehemu ya chini inaishiwa rangi na zile bendi ndogo zinapotea, mtu anasema PCR, ile kazi ya kuzidisha kipande cha DNA, imefeli kumbe DNA ipo.

Mwisho kumwaga. Nimeona watu wanatia jiki kwenye EtBr, rangi inapotea, wanafurahi, wanamwaga kwenye sinki. Rangi kupotea haimaanishi hatari imeondoka, jiki inaivunja na kuacha mabaki ambayo kwenye vipimo mengine yanaleta mabadiliko ya jeni hata bila ini. Njia inayofanya kazi bila mbwembwe ni mkaa ulioamilishwa, unapitisha maji yenye rangi, mkaa unaibakiza, kisha ule mkaa na jeli zilizokwisha unazifunga kwenye mfuko wenye lebo zinasubiri tanuri la taka hatarishi. Za GelRed na SYBR Safe fuata taratibu za taasisi yako, na kama hazijaandikwa popote kaa na mhusika wa usalama mziandike, sisi ilituchukua mchana mmoja tu na karatasi ile iko ukutani juu ya sinki mpaka leo.